Wimbi lisilopunguzwa: vifo vya kila siku ndani ya korodani, na homoni zinazovisimamia

Kijana aliingia maabara saa nne asubuhi, Jumatatu, kifua kimelijaza shati. Kazi yangu ni ya hadubini, hapa Kisumu, si mbali na stendi ya Kondele, na wanaume wengi wanaoleta kikopo cha shahawa huingia wakitazama sakafu. Huyu alinitazama usoni. Ndoa yake ilikuwa na miaka miwili, na mkewe alikuwa ameshapimwa kila kinachopimika kabla yeye hajaambiwa aje. Huku kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda: mtoto akikosekana, wa kwanza kupelekwa hospitali ni mke, ilhali katika karibu nusu ya visa vya namna hiyo mume naye huwa na sehemu yake.

Nilisubiri shahawa iyeyuke, kazi ya nusu saa hivi, nikaweka tone kwenye slaidi. Hakuna kitu. Tone la pili, hakuna. Sifuri ni jibu zito, haliandikwi kwa tone moja. Kwa hiyo sampuli yote iliingia kwenye mashine ya kuzungusha, nikachukua mashapo yaliyotuama chini ya kichupa, nikayapitia mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia mkekani. Seli chache za ngozi. Seli kadhaa za duara. Mkia, hata mmoja.

"Daktari, labda mashine imekosea," akasema. (Hapa kila mwenye koti jeupe ni daktari, nimechoka kusahihisha.)

"Mashine iko wapi, ndugu yangu? Ni macho yangu tu, na yamehesabu mara mbili."

Akacheka kidogo. Kisha akasema neno lililonifanya niandike makala haya: "Lakini mimi hudunga testo kila wiki, huu mwezi wa saba. Homoni ya kiume ninayo kuliko hata wewe."

Alisema kweli. Majibu ya damu yalipotoka, testosteroni yake ilikuwa juu kuliko ya mwanamume wa kawaida, na homoni mbili zinazotoka kichwani, LH na FSH, zilikuwa chini hata kipimo kikashindwa kuzisoma vizuri. Damu imejaa homoni ya kiume, na mbegu za kiume hazipo. Ukitaka kuelewa hilo linawezekanaje, kubali kwanza jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa: ndani ya korodani yenye afya kabisa, kifo ni kazi ya kila siku.

Tuanze na jengo lenyewe. Korodani moja ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Ndani yake kumekunjwa mirija myembamba kama uzi, ambayo ukiinyoosha yote na kuiunganisha itafika karibu mita 250, yaani uwanja wa mpira wa kwenda na kurudi, na bado utabaki na kipande mkononi. Mbegu hutengenezwa kwenye kuta za mirija hiyo, kuanzia nje kwenda ndani. Ukutani kabisa zimekaa seli mama, spermatogonia. Zinajigawa, na baadhi ya watoto wao husogea ndani na kuwa spermatosaiti, seli kubwa zenye kazi ngumu ya kupunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23. Spermatosaiti moja ikimaliza kazi hiyo hutoa spermatidi 4, seli ndogo za duara, na kila spermatidi hurefuka, hujifinya, huota mkia, kisha huachiliwa katikati ya mrija. Safari yote ni siku 74 hivi kwa binadamu, halafu kuna wiki moja au mbili za kukomaa kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Kwa mwanamume mzima mwenye afya, kiwanda hiki hutoa mbegu elfu moja na zaidi kila sekunde.

Lakini hesabu haikubali. Mama mmoja akijigawa mara kadhaa, na kila spermatosaiti ikitoa 4, mbegu zinazofika mwisho zingepaswa kuwa nyingi zaidi ya zile tunazoziona. Waliohesabu seli hizi kwa panya, hatua kwa hatua, walikuta kwamba hadi robo tatu ya zile zinazotarajiwa hazifiki. Hazijapotea njiani. Zimekufa, na zimekufa kwa utaratibu.

Utaratibu huo una jina. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliuita apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika mtini. Nilipokuwa chuoni niliwekewa slaidi ya korodani ya panya iliyopakwa rangi inayoshika ncha za DNA iliyokatika. Mrija uliokatwa kwa upana unaonekana kama kitumbua, una tundu katikati. Kwenye ule unene wa pembeni, katikati ya mamia ya seli za kibuluu, kulikuwa na nukta tatu za kahawia, nyeusi kidogo kwenye kiini, zimejikunyata kama zabibu kavu. Kuzizunguka kila kitu kilikuwa shwari. Hakuna uvimbe, hakuna usaha. Seli inayokufa kwa jeraha hupasuka na kumwaga uchafu wake kwa majirani, ndiyo maana jipu linauma. Seli ya apoptosisi haipasuki: hujikunja, hukatakata DNA yake yenyewe, hujifunga vifurushi vidogo, na hubandika kwenye ngozi yake alama ya kusema "nile." Jirani humla. Saa chache baadaye huwezi kujua kwamba kulikuwa na mtu hapo, na ndiyo sababu nukta zilikuwa tatu tu kwenye mrija ule ingawa vifo ni vingi: unapiga picha ya dakika moja tu ya msiba usiokoma.

Jirani anayekula ndiye pia anayelea, na hapa tunamfikia mhusika mkuu. Mwaka 1865 Mwitaliano Enrico Sertoli alieleza seli ndefu zenye matawi zinazoanzia ukutani mwa mrija hadi katikati, zimezikumbatia zile nyingine zote. Leo tunaziita seli za Sertoli. Ndizo zinazolisha, zinazoshika, zinazojenga ukuta wa kuzuia kinga ya mwili isizivamie mbegu, na zinazomeza maiti. Idadi yake hupangwa kufikia mwisho wa balehe, na baada ya hapo kwa kawaida haiongezeki. Kila moja ina mikono ya kutosha watoto kadhaa, basi.

Nimelelewa Vihiga, na nilipofika hapo kwenye masomo nilimkumbuka nyanya yangu. Wimbi la kienyeji hupandwa kwa kutawanya mbegu kwa mkono. Huota kama nywele. Likifika urefu wa kiganja, watoto wa boma nzima huitwa kuling'olea, siku nzima mgongo umepinda, na mimi nilikuwa nikilia ndani kwa ndani kwa sababu niliona tunaharibu chakula. "Ukiliacha lote," alikuwa akisema, "utavuna majani." Basi.

Panya wachanga wa maabara hupitia palizi hiyo hiyo. Mbegu zao zinapoanza kutengenezwa kwa mara ya kwanza, kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuzaliwa, vifo vingi hutokea kwa pamoja. Watafiti huita wimbi la kwanza, na mimi hucheka peke yangu kila ninapoyasoma maneno hayo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwatengeneza panya wasio na protini iitwayo Bax, ambayo ni mojawapo ya zile zinazoisukuma seli kufa. Ungetarajia panya hao wazae kupita kiasi. Madume yalikuwa tasa. Mirija yao ilijaa seli changa zilizosongamana, hakuna hata moja iliyofika kwenye mkia. Maabara nyingine zilijaribu kinyume chake: zikaongeza Bcl-2, protini inayozuia kifo, na matokeo yakawa yale yale. Zilizuia kifo, zikavuna majani.

Sababu ya pili ya vifo hivi ni ubora. Spermatosaiti inapopunguza kromosomu hulazimika kwanza kuzipanga jozi kwa jozi, kuzikata na kuziunganisha upya kwa kubadilishana vipande. Ni kazi ambayo makosa yake hulipwa na mtoto atakayezaliwa. Jozi zikishindwa kukutana, seli husimamishwa hapo hapo na kuondolewa. Ni kama mama aliyekaa na ungo wa mchele wa Ahero: hasubiri wali uive ndipo atafute mawe.

Kwa hiyo swali si kwa nini seli hizi zinakufa. Swali ni nani anaamua ngapi zife, na hapo ndipo homoni zinaingia.

Kwamba korodani hutuma kitu kwenye damu ni jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kakamega analijua bila shule. Anajua tofauti ya fahali wa kupigana na maksai wa kulima. Aliyelithibitisha kwa jaribio ni Arnold Berthold, mjini Göttingen, Ujerumani, mwaka 1849. Aliwahasi majogoo wachanga, vilemba vyao vikanywea na wakaacha kuwika. Akawarudishia baadhi yao korodani, si mahali pake bali katikati ya utumbo, na wakawika. Kitu hicho kilipata jina la testosteroni mwaka 1935. Lakini jambo la maana zaidi kwa hadithi yetu lilionekana miaka ya mwisho ya 1920, wakati Mmarekani Philip Smith alipoondoa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwa panya. Korodani, ambazo hakuzigusa, zilisinyaa. Amri ilikuwa inatoka juu.

Mnyororo wenyewe uko hivi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ndogo, GnRH, kwa mapigo, mara moja kila saa moja na nusu au mbili hivi kwa mwanamume. (Roger Guillemin na Andrew Schally, waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1977, walisaga bongo za kondoo na nguruwe kwa mamia ya maelfu ili kupata chembe chache za homoni za aina hii. Sayansi nayo ina uchinjaji wake.) Mapigo hayo huiamsha pituitari, nayo hutuma LH na FSH. LH huenda kwa seli za Leydig, zilizoko kwenye nafasi kati ya mirija, na kuziamuru zitengeneze testosteroni. FSH huenda moja kwa moja kwa seli za Sertoli. Testosteroni nayo huingia kwenye mrija na kufika kwa hao hao Sertoli.

Sasa angalia kitu cha ajabu. Seli zinazokuwa mbegu hazina kipokezi cha testosteroni kinachofanya kazi, wala cha FSH. Hazisikii homoni. Kinachosikia ni Sertoli. Ni kama baba aliye Nairobi anayetuma pesa kwa M-Pesa: watoto kijijini hawana simu, hawajui ujumbe umeingia saa ngapi. Mwenye simu ni mama. Wao wanajua tu kwamba leo kuna uji, au hakuna.

Uji wenyewe ni nini? Kwa kusukumwa na FSH, Sertoli hutoa protini zinazoziambia spermatogonia ziendelee kuishi na kujigawa. Mojawapo hushika kipokezi kilichoko juu ya seli hizo changa, na isipofika, wengi hufa. Kwa kusukumwa na testosteroni, Sertoli hushikilia ukuta wa kinga usivuje, na hushikilia spermatidi zisidondoke kabla ya wakati. Hili la kudondoka lina uzito wake. Panya akinyimwa testosteroni, spermatidi zake za duara huachia mikono ya Sertoli katikati ya safari na kumwagika ndani ya mrija zikiwa bado hazijaota mkia. Zile seli za duara nilizoziona kwenye mashapo ya kijana wangu zinaweza kuwa chembe nyeupe za damu, zinaweza kuwa spermatidi. Huwezi kujua hadi uzipake rangi. Nilizipaka. Baadhi zilikuwa spermatidi.

Uji ukikatika, mlango wa kifo hufunguliwa kwa namna mbili. Ya kwanza iko ndani ya seli. Protini za jamii ya Bax na zile za jamii ya Bcl-2 hukaa kama watu wawili wanaovutana kamba; homoni zikiwepo, upande wa uhai unavuta zaidi. Zikipungua, Bax hutoboa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, na protini moja inayovuja kutoka humo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi. Hivyo ndivyo visu. Namna ya pili inatoka nje: Sertoli yenyewe inaweza kuonyesha juu ya ngozi yake protini inayobonyeza kipokezi cha kifo, Fas, juu ya seli jirani, na kaspasi zikaamka kwa njia hiyo. Mlezi ana funguo zote mbili.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu nimesoma makala nyingi za mtandaoni zinazoyatoa haya kwa panya na kumvisha binadamu bila kupima kiuno. Kwa panya, ukiondoa homoni za pituitari, vifo vya spermatosaiti na spermatidi huongezeka ndani ya siku chache na ndivyo vinavyobomoa kiwanda. Kwa tumbili na kwa binadamu picha ni tofauti kidogo: pigo kubwa zaidi huangukia mwanzoni kabisa, spermatogonia hazisongi mbele, na mwishoni kabisa, mbegu zilizokomaa hushindwa kuachiliwa. Vifo vipo, lakini kwetu sisi kiwanda husimama zaidi kwa kukosa malighafi kuliko kwa kuchomwa moto.

Hata hivyo, kwamba testosteroni huzuia apoptosisi kwa binadamu si kisio. Mwaka 1997 watafiti wa Finland walichukua vipande vya mirija kutoka kwa wanaume waliofanyiwa upasuaji, wakavilaza kwenye maji ya maabara yasiyo na homoni. Ndani ya saa chache tu seli zilianza kujikata DNA. Walipoongeza testosteroni, vifo vilipungua. Baadaye wakagundua kwamba estradioli, homoni ambayo sote tumezoea kuiita ya kike, nayo inazilinda seli hizo. Korodani hutengeneza kiasi chake kutoka kwa testosteroni yenyewe. Ukimwambia mtu wa jimu kwamba mbegu zake zinalindwa na homoni ya kike kidogo, atakutazama kama umemtukana mama yake.

Turudi basi kwa sindano, kwa maana sasa tuna vifaa vyote mezani.

Mwili una homoni moja lakini mabwawa mawili. La kwanza ni damu. La pili ni ndani ya korodani, na humo testosteroni huwa nyingi mara 50 hadi 100 kuliko kwenye damu, kwa kuwa seli za Leydig zinaimwaga hapo hapo, mlangoni pa mirija. Kiwanda cha mbegu kimezoea mafuriko hayo. Kiwango cha damu, ambacho kinatosha kabisa kwa ndevu, misuli na sauti, kwake ni ukame.

Ubongo haupimi ndani ya korodani. Unapima damu. Ukiona testosteroni imejaa huko, hudhani kazi imekamilika, na haipothalamasi hupunguza mapigo yake. LH hushuka, seli za Leydig hulala. FSH hushuka, Sertoli hukosa ujumbe wake wa pili. Wanaume waliojitolea wakadungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki walipimwa ndani ya korodani kwa sindano nyembamba, na ikaonekana kwamba testosteroni ya humo ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya 90%, wakati ile ya damu imepanda. Huyu baba wa Nairobi sasa anaona akaunti yake imefura, anafikiri kijijini nako kumejaa, anaacha kutuma. Pesa yote imekaa kwenye bwawa ambalo mama hachoti.

Wala hili si ajali iliyogunduliwa juzi kwenye jimu. Shirika la Afya Duniani lilifanya majaribio ya dozi hiyo hiyo, miligramu 200 kwa wiki, katika nchi kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Lengo lilikuwa njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Zaidi ya nusu ya waliodungwa walifika sifuri ndani ya miezi 6. Yaani kile ambacho kijana wangu alikuwa akikinunua kwa pesa yake ili awe mwanamume zaidi, kwenye makaratasi ya wanasayansi kimeandikwa kama dawa ya kupanga uzazi. Nilipomwambia hivyo alinyamaza muda mrefu. Mwuzaji wake, mtu wa mtaani asiye na leseni yoyote, alikuwa amemhakikishia kwamba inaongeza mbegu.

Na ndiyo maana vipimo vya LH na FSH vina maana kuliko testosteroni peke yake. Mtu ambaye mirija yake imeharibika, tuseme kwa matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani akiwa mkubwa, FSH yake huwa juu: ubongo unapiga kelele na hakuna anayeitikia. Huyu wangu FSH ilikuwa chini. Hakuna aliyepiga kelele. Kiwanda chake kilikuwa kizima, kimezimwa swichi tu, na hiyo ni habari njema kuliko ilivyosikika siku ile.

Kuna kifo kingine ambacho homoni haziwezi kukizuia, na huku kando ya ziwa ni lazima nikitaje: joto. Korodani zimening'inia nje kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Zikipata moto, spermatosaiti na spermatidi changa huingia apoptosisi kupitia ule mlango wa mitokondria, hata kama LH na testosteroni ziko sawa kabisa. Malaria ikimpandisha mtu hadi nyuzi 39 kwa siku kadhaa, atapona, atarudi kazini, na wiki kadhaa baadaye hesabu yake itashuka, kwa sababu mbegu zilizokufa ni zile ambazo zingetoka wakati huo. Kwa hiyo mimi, mtu akileta hesabu mbaya, huuliza kwanza: miezi mitatu iliyopita uliugua? Wengi hushangaa. Mmoja, mtu wa kuchemsha sukari nguru upande wa Kakamega, alinijibu kwamba haugui kamwe, ila kazini kwake hutokwa jasho hadi kwenye viatu. Hilo nalo ni jibu.

Kijana wangu alikwenda kwa daktari wa homoni, aliyemwachisha sindano na kumweka kwenye dawa inayofanana na LH, ile homoni ya ujauzito iitwayo hCG, ambayo seli za Leydig haziwezi kuitofautisha na LH. Sitaandika dozi hapa, kwa kuwa najua mtu ataikata na kuipeleka kwa yule yule mwuzaji. Nilimwambia asirudi kwangu kabla ya miezi mitatu. Fanya hesabu mwenyewe: siku 74 za mrija, wiki moja au mbili za epididimisi, na kabla ya hapo muda wa ubongo kuamka, ambao kwa watu wengi ndio mrefu kuliko yote. Kwa kawaida ni miezi 6 hadi 12, na wachache huchukua zaidi.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Sifuri. Kifua kilikuwa kimepungua, na safari hii alitazama sakafu. Seli za duara zilikuwa zimeongezeka, nikamwambia ni dalili ya kazi kuanza ukutani, ila niliona hakuniamini, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuahidi.

Mwezi wa sita nilikuta mbegu mbili kwenye mashapo yote. Moja ilikuwa imekufa.

Mwezi wa kumi alikuja na mkewe. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa chini wa kawaida kwenye milioni 16 kwa mililita. Yeye alikuwa na milioni 9, nyingi zikiogelea, baadhi zikizunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa. Niliandika nambari kwenye fomu. Halafu nikainuka kwenye stuli, nikarekebisha mwanga, nikamwachia hadubini aangalie mwenyewe. Alitazama kama dakika tano bila kusema neno, kisha akasogea kando.

"Njoo uone," akamwambia mkewe.